Kuingiza Bibi-Arusi na Kuran ya Grupe

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, tarehe kumi na ine, mwezi wa munane. Beni. Jua ilitoka mapema, kisha mawingu ikafunika upande wa Mbau, ikanguruma mara moya, ikanyamaza. Haikunyesha. Kwa siku ya ndoa, hiyo ni zawadi ya kwanza.

Ile asubui sikuandika zaidi ya hiyo. Leo ninaandika yote kwa utaratibu. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu wa secondaire, donc basi musitafute hapa Kiswahili ya kitabu. Ninaandika vile tunasema, na mahali nitakosea yaya yangu, dada yangu mukubwa, ataona. Yeye hasahau kitu.

Ndoa ilikuwa ya binti yake. Yaya ni mukubwa wangu, anakaa Beni, mu Mulekera. Miye ninakaa Butembo, ninashona nguo karibu na soko. Bwana ya yaya alikufa wakati mutoto alikuwa angali mugongoni, na yaya akamulea peke yake, na shamba ya mihogo, na mandazi ya asubui kando ya barabara.

Bakwe, ni kusema familia ya kijana anayemuoa (benyewe pia banatuita hivyo), ni bachuuzi wakubwa wa Butembo, bale banaendaka Dubai na China sawa vile sisi tunaenda kununua chumvi. Ni batu wazuri, ninataka kusema hivyo mbele ya yote. Balilipa salle ya karamu. Balileta DJ na cameraman. Balikodi gari nyeupe yenye maua. Nguo ya bibi-arusi ilitoka mbali sana, na miye mushonaji sikuongeza ata kifungo. Balifanya yote na roho safi, bila kujisifu. Mais lakini siku moya yaya alinipigia telefone, na sauti yake ilikuwa chini.

— Weye, mudogo wangu. Kila kitu ni ya bakwe. Ata biti bya kukalia ni bya bakwe. Mutoto wangu ataingia mu ile salle sawa vile muzigo ya mutu, benyewe banajua mahali batauweka. Minataka kitu moya yetu. Moya tu.
— Kitu gani, yaya?
— Ule wimbo ya mama. Hiyo njo itamuingiza. DJ apumzike kidogo, weye utamuleta na masini yako.
— Yaya, bakwe batakubali?
— Nilishabaambia. Bamekubali.
— Ulishabaambia mbele ya kuniuliza?
— Kama ningekuuliza, ungesema hauwezi.

Hapo alisema kweli.

Wimbo ya mama ni fupi. Alikuwa anaiimba akichagua maharagi ku lungo: inapanda mara tatu, inangoja kidogo, inashuka. Maneno yake sisi bote tulishasahau, ata yaya, inabaki sauti tu. Mutu mwingine Beni wala Butembo haijui. Nilikuwa nimeiweka mu masini yangu zamani, kwa kucheka tu, na yaya aliisikia siku moya alinitembelea, akaacha chai yake ikapoa.

Sasa lazima nieleze hizo masini, sababu kuna jirani mu kartie banasema nina studio. Sina studio. Nina meza, na ku ile meza, mbele ya saa kumi na moya ya mangaribi, kuna nguo za batu.

Ya kwanza ni ordinateri, kompyuta ya zamani. Si ile ya kufungua sawa kitabu. Hii ni kama mukate munene wenye batani juu, rangi ya kahawa yenye maziwa, na unaifunga ku televizyo sababu haina uso yake yenyewe. Niliikuta ku soko, mu sanduku moya na pasi mbili zilizokufa, kati ya bintu ya kutoka Ulaya. Nilinunua sanduku sababu ya transfo, ile ya kupunguza nguvu ya umeme, ya kuweka ku taa ya masini ya kushona. Ile mukate ilikuja bule. Ndani kulikuwa pia kisoma-kaseti yake, kaseti tatu, na kitabu ya Kifaransa iliyopasuka ngozi. Nilifikiri nitapatia batoto wa jirani bachezee. Kisha nikasoma ukurasa wa kwanza, na nikaona ni sawa patron, ile karatasi ya kukatia nguo: unaandika mustari wa kumi, wa makumi mbili, wa makumi tatu, kila mustari kazi yake, na masini inafuata bila kuuliza kwa nini. Miye ninajua kufuata patron. Nikajaribu. Ikaimba.

Ina sauti tatu tu. Haiwezi kuimba ine, ata umuombe namna gani. Na sauti zake si tamu sana, sitadanganya: moya ni kama nyuki mu chupa, ingine kama filimbi ya arbitre wa mupira, ya tatu kama mutu mwenye mafua. Mais zikiimba pamoja, kuna kitu. Sijui kukieleza. Bwana yangu anasema ni kelele, na yeye pia ana haki, yeye njo anaisikia kila siku.

Ya pili ni sinte mupya, kinanda ya umeme, ndogo, sawa Biblia ya mufuko. Jirani yangu moya wa kuuza telefone aliileta ku safari yake ya Dubai. Inatumia pile, betri ndogo. Inapiga ngoma na basse, ile sauti nzito ya chini, na ina tundu ndogo ya kupokea mapigo: masini ingine ikituma “tik, tik, tik,” yenyewe inafuata. Jirani alinionyesha:

— Mama, hii inajua kuongoza na inajua kufuata. Weye njo unachagua nani atatangulia.

Hapo njo nilifanya kosa yangu, na nitaieleza vizuri, sababu mutu wa kwingine pengine hangelifanya. Kwetu mutoto hatangulii muzee. Ku meza muzee ananawa kwanza, ku njia anapita mbele, mu kikao anasema wa kwanza ata kama hana neno. Mu nyumba yangu tulikuwa tunaita ordinateri Muzee na sinte Mutoto, tangu siku ya kwanza. Basi swali ya nani ataongoza sikuiona sawa swali. Fundi wa redio wa pembeni yangu aliniunganishia kabo, ni kusema waya, kutoka mugongo wa Muzee mpaka tundu ya Mutoto. Muzee anatuma mapigo, Mutoto anafuata. Nilifurahi sana. Ilikuwa sawa nyumba yenye adabu.

Na Muzee anajua wakati namna gani? Kitabu ilisema ana saa mbili ndani. Moya inahesabu na kijiwe yake yenyewe, sawa ile ya saa ya mukono, haidanganyi, mais kuiuliza ni kazi: mistari mingi, hesabu mingi. Ingine ni nyepesi, unaiuliza tu sawa mutu wa njiani, “saa ngapi?”, inakujibu mpaka vipande vya segonde. Nilichagua ile nyepesi. Chini yake kulikuwa maneno madogo juu ya kuran, ule umeme wa ukuta. Niliisoma, ninakumbuka kuisoma. Sikuielewa, nikaendelea.

Siku ya ine ya juma, siku mbili mbele ya ndoa, nilishuka Beni na taxi. Muzee alikuwa mu magoti yangu, amefungwa na kitenge sawa mutoto mugonjwa. Ku barrière, kizuizi ya njiani, askari moya aliinama ku dirisha.

— Oyo nini, mama?
— Ordinateri, papa.
Akafungua kitenge na kidole moya. Akaangalia. Akamuita mwenzake.
— Kuja uone ordinateri ya wakati wa garika!
— Inafanyaka nini? mwenzake akauliza.
— Inaimba, nikasema.
— Sawa. Na hii gari yenu, chauffeur, inalia tu.

Batu mu gari bakacheka, chauffeur pia, na tukapita.

Siku ya tano tulifanya répétition, mazoezi ya mwisho, mu salle yenyewe. Kuran ya muji ilikuwako, nzuri, bila kukatika. DJ wa bakwe alikuwa amekwisha kupanga byombo vyake, masanduku makubwa ya sauti kila pembe. Nilimuogopa mbele ya kumuona, na hiyo haikuwa haki. Ni kijana wa heshima, mwenye mucheko. Alizunguka meza yangu mara mbili.

— Maman, hii ni ya kuimba ao ni ya musée, nyumba ya bintu ya zamani?
— Ngoja kwanza.

Muzee alikuwa anasoma kaseti yake. Wakati anasoma, televizyo inabaki rangi moya, hakuna maandiko, hakuna kitu.

— Imekufa?
— Hapana, inasoma.
— Inasoma nini wakati yote huo, Agano la Kale?

Mais wakati wimbo ilitoka mu masanduku yake makubwa, aliacha kucheka. Alisogeza batani moya ku meza yake, akasogeza ingine, na yule nyuki wa chupa akakuwa nyuki wa musitu muzima. Alisema tu, “Eh, maman.” Ninaandika hii sababu kama angelitaka kuniharibia, angeliweza.

Kisha ikakuja swali ya mwendo. Tulikuwa tumepatana na bakwe hivi: kijana anangoja mbele, juu ya podium, batoto na badada wa kusindikiza banaingia kwanza na kucheza, mistari mbili, nyuma yabo bibi-arusi na mama yake, polepole, mpaka mbele. Badada balikuwa bamejifunza hatua zabo: mbili mbele, moya nyuma, kuinama, kuzunguka.

— Mama mudogo, bibi-arusi akaniambia, ongeza kidogo. Na ile mwendo tutalala njiani.
— Punguza, yaya akasema. Mutu hatokaka kwabo mbio.
— Mama, minaolewa, siendi ku matanga!
— Minajua mahali unaenda. Punguza.

Nikaweka katikati. Hakuna aliyefurahi, na hapo nikajua ni haki.

Sasa siku yenyewe. Baraka ilifanyika ku kanisa yetu asubui, sitaieleza, ilikuwa nzuri na ndefu. Miye nilitoka mbele ya mwisho, nikaenda ku salle kutayarisha. Muzee alikuwa amekwisha kusoma kaseti, wimbo ilikuwa tayari ndani, niko napangusa vumbi. Na kuran ikakatika.

Kwa mutu mwenye redio, kukatika ya kuran ni kungoja tu. Kwa Muzee ni kusahau yote. Ikizimika, kila kitu kichwani yake inatoka, mpaka asome kaseti upya. Nyuma ya ukuta nikasikia batu ba salle banavuta kamba ya grupe, ile moteri ya kutoa umeme, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha ikakubali, ikanguruma, taa zikawaka. Nikaweka kaseti tena. Nikaomba Mungu, si maombi mazuri, ilikuwa tu “tafazali, tafazali.”

Akasoma. Nikajaribu wimbo chini-chini. Mungu wangu. Ilikuwa inakimbia sawa mbuzi iliyosikia chui! Na Mutoto, na adabu yake yote, anakimbia nyuma yake. Nikasimamisha. Nikaanza upya. Sasa ikaenda polepole, sawa mutu anabeba mufuko ya simiti. Kisha mbio tena.

DJ akakuja.

— Maman, iko nini?
— Sijui. Jana ilikuwa sawa.
— Sauti haijaharibika. Ni mwendo tu.

Njo hapo maneno madogo ya kitabu yakanirudia. Ile saa nyepesi haina kijiwe. Inahesabu mutetemo ya kuran ya ukuta. Kuran ya muji inatetemeka sawasawa. Ya grupe inatetemeka vile moteri inazunguka: ikiwa na kazi ndogo inazunguka haraka, ikibebeshwa muzigo inachoka. Donc kila mara friji kubwa za vinywaji zinaamka, wimbo ya mama inachoka. Zikilala, wimbo inakimbia.

Nilitoka nje kwa mwenye kulinda grupe.

— Papa, unaweza kuifanya izunguke sawasawa?
Akaniangalia na huruma.
— Mama, hii grupe iko na miaka kunishinda. Miye ninaiombaka tu.

Ningeliweza kugeuza: Mutoto aongoze, Muzee afuate. Mais kabo yangu ilikuwa ya njia moya, na mistari ya Muzee ilijua kusema tu, haikujua kusikia. Kuandika mistari ingine saa hiyo, na batu banaanza kukaa ku biti? Mutu mwenye akili kunipita angeliweza pengine. Nilijiangalia vizuri na nikaona siwezi.

Kulikuwa njia ya tatu: kuacha. DJ alikuwa na nyimbo mingi nzuri za bibi-arusi mu ordinateri yake, angelimuingiza bila shida. Alinipatia hiyo na roho safi.

— Maman, kama unataka, miye niko tayari. Hakuna mutu atajua.
— Yaya atajua, nikasema.

Kitu moya yetu. Aliomba moya tu.

Basi nikazunguka kuomba, sawa mutu wa kukusanya sadaka. Nilienda kwa kijana wa friji: tafazali, wakati bibi-arusi anaingia, usifungue milango, usiguse. Akakubali. Nilienda kwa bamama ba jikoni, balikuwa na kitu ya umeme ya kuchemsha maji ya chai: bamama, muzime kwanza. Balicheka, bakazima. Nilienda kwa cameraman, sababu alikuwa na taa mbili kubwa ku miguu, ya kula kuran sawa ngombe mbili.

— Papa, zile taa, uziwashe saa hii na uziache zinawaka, ao uziache zimezimika. Mais usibadilishe katikati.
— Nitaziacha zimezimika, maman. Jua inatosha. Usiogope.

Alisema na kweli, sina mashaka. Ninaandika mara mbili: alisema na kweli.

Gari ikafika. Honi zikalia nje, batu bakasimama. DJ akanyamazisha muziki yake, akanionyesha kidole gumba. Nikabonyeza.

Mwanzo ilikuwa ya haraka kidogo kuliko nilivyopanga. Friji zilikuwa zimelala, bamama bamezima, grupe ilikuwa nyepesi, inafurahi. Badada bakaingia. Bakashika hatua, bakatabasamu, kisha tabasamu ikageuka kazi. Mbili mbele, moya nyuma, kuinama, kuzunguka, mbio! Moya akapoteza kiatu na hakurudi kukiokota. Batoto nyuma bakafikiri ni mashindano. Salle ikapiga makofi, bakwe balipenda sana, mais miye niliona jasho ku uso ya badada na nikataka kuingia chini ya meza.

Kisha mulango ikafunguka mara ya pili, na bibi-arusi akasimama hapo na mama yake.

Cameraman akawasha taa zake.

Simulaumu. Mukono ya mutu inajua kazi yake: bibi-arusi akionekana, washa. Angelikuwa na mukono ingine, hangelikuwa cameraman. Nyuma ya ukuta grupe ikaguna sawa mutu anapandisha muzigo ku kichwa. Na wimbo ya mama ikashuka mwendo. Haikukatika, noti zilibaki safi, kila moya mahali yake, mais kati ya moya na ingine kulikuwa nafasi ya mutu kuvuta pumuzi. Mutoto akapunguza ngoma yake nyuma ya Muzee, bila kubisha.

Mukono yangu ilikuwa juu ya kabo. Kama ningeing’oa, Mutoto angelienda peke yake na mwendo ingine, Muzee angelibaki nyuma, na bote babili bangeligombana mbele ya bakwe. Kama singeing’oa, bibi-arusi angelitembea sawa mutu ndani ya matope. Nikaangalia miguu yake. Aliweka hatua ya kwanza mbele ya pigo, akaona amewahi, akangoja, mguu hewani. Pigo ikakuja. Akauweka chini. Akainamisha kichwa. Hatua ya pili aliingoja tangu mwanzo.

Nikatoa mukono ku kabo. Sijui kama ilikuwa hekima ao woga.

Yaya alikuwa amemushika mutoto wake chini ya kiwiko, yeye na kitenge yake mupya, miye njo nilimushonea hiyo, na balikuwa banatembea polepole kuliko vile yaya mwenyewe aliomba siku ya tano. Kati ya pigo na pigo ulisikia viatu ku simiti. Balifika katikati na balikuwa bado mbali sana. Hapo shangazi ya bwana-arusi, mama munene mwenye sauti, akasimama ku kiti yake:

— Eh, bakwe! Munamuleta ao munamurudisha?

Salle nzima ikapasuka kwa kucheka. Nikamuangalia yaya, sababu yeye njo alisema wimbo itakuwa yetu, na sasa kicheko pia ilikuwa yetu.

Yaya akasimama. Akanyanyua kidevu.

— Tunamupeana, hatumutupe! Mukiwa na haraka, mukuje mumupokee njiani!

Kisha yule shangazi akapiga vigelegele mpaka taa za cameraman zilitetemeka, ninaongeza kidogo hapo, mais si sana. Akatoa kitenge yake ya kiunoni ya juu, akatembea mpaka katikati, akaitandika chini mbele ya miguu ya bibi-arusi. Nyuma yake mama mwingine, na mwingine. Bamama ba bakwe bote bakashuka, kila moya na kitenge yake, na bakaanza kucheza ku ile mwendo ya grupe iliyochoka, mabega polepole, kiuno polepole, sawa batu bamekunywa asali. Ni mwendo nzuri kwa bamama bazito, niliona hapo. Badada, na hatua zabo zote za kujifunza, balisimama pembeni bakiangalia.

Bibi-arusi alifika mbele juu ya bitenge bya bakwe, na wimbo yetu. Uso yake ilikuwa maji tupu. Bwana-arusi alishuka podium kumupokea, mbele ya wakati yake. Nikabonyeza, Muzee akanyamaza, na Mutoto akanyamaza nyuma yake.

DJ akaweka mukono ku bega yangu.

— Maman, ile kupunguza. Uliipanga namna gani? Unionyeshe mustari gani.
— Hakuna mustari. Ni grupe.
— Sawa, usiniambie. Siri ya kazi.

Nilimuapia. Hakuamini mpaka leo.

Yule shangazi alikuja ku meza yetu wakati batu banakula keki. Alimusalimu yaya na mikono mbili, na akauliza, miye nikiwa karibu, nilisikia na masikio yangu:

— Bakwe, ule wimbo ni ya nani? Minausikia mara ya kwanza.
— Ni ya mama yetu, yaya akasema.
— Ako hai?
— Hapana.
— Ah. Mutufundishe basi. Mutoto akizaliwa, tutamuimbia nini?

Yaya aligeuka kwangu. Akaniangalia. Kisha akaanza kumuimbia hapo hapo, chini-chini, mukono unatikisa lungo ambayo haikuwako, na yule mama munene akishika nyuma yake, akikosea pale inapongoja, akianza upya.

Tulitoka salle mbele ya giza, vile kila mutu wa Beni anatoka, sababu usiku njia haina usalama. Pikipiki moya ilimubeba yaya, ingine ilinibeba na Muzee mu kitenge yake. Ku nyumba yaya alivua viatu, akaweka miguu mu beseni ya maji, akasema:

— Ilichelewa sana, ile wimbo yako. Karibu nianguke na bile biatu.
— Minajua, yaya. Ilikuwa...
— Acha. Hapana eleza.

Bakwe balitutumia mchele na nyama ya mbuzi mu masufuria mbili, mingi kabisa. Yaya aliigawa kwa jirani kushoto na kuume, akabakisha sahani moya ya kesho. Kisha akawasha moto ya makala na akasonga obundu, ugali yetu ya mihogo. Tulikula obundu na mboga ya lenga-lenga na ndakala, samaki ndogo-ndogo, ya kukaanga, na pilipili mingi, sisi babili, mu sahani moya.